Grafu za simulesheni: jinsi ya kuzitoa zikiwa SVG ili uweze kuzirekebisha na kuziandika kwa Kiswahili

Leo tuweke pembeni kidogo habari za barabara na bei ya vitunguu, tuongelee kitu kinachowatesa wanafunzi wengi wanaokuja kuprinti ripoti zao: grafu.

Si unajua inavyokuwa? Umekaa na programu ya simulesheni wiki nzima. Modeli imekubali, mistari inapanda na kushuka vizuri. Unabonyeza Print Screen, unabandika kwenye Word, unakimbilia kuprinti. Karatasi inatoka herufi zina ukungu, lebo zote za Kiingereza, na mwalimu anataka zote ziwe za Kiswahili. Hakuna cha kurekebisha, maana picha imeshaganda.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilipeleka grafu kwenye flashi nikatengenezewa bango kubwa la ukutani. Kwenye skrini ilikuwa safi kabisa, kwenye bango ikawa miraba miraba kama ukuta wa matofali. Hela ilishakwenda na kosa lilikuwa langu: nilipeleka PNG ndogo nikitegemea miujiza.

Haya, twende kazi.

KWA NINI LINATUHUSU SISI

Huku kwetu grafu siyo pambo. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, lina kilomita za mraba 8,292, na tangu mwanzo watu, mifugo na wanyamapori wamekuwa pamoja humo ndani. Kwa hiyo swali la "tukiongeza hiki, kile kitapungua kiasi gani?" linaulizwa kila siku. Na watu wameshalipeleka kwenye kompyuta.

Mwaka 2002 Randall Boone na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha kwenye jarida la African Journal of Ecology utafiti kuhusu Ngorongoro uliotumia mfumo unaoitwa SAVANNA. Mfumo huo ulitengenezwa na Michael Coughenour, na mizizi yake iko kwenye utafiti wa Turkana, Kenya. Unachukua mvua, udongo, majani, mifugo na wanyama wa porini, unavipanga kwenye ramani iliyogawanywa vipande vya mraba, halafu unatembea wiki kwa wiki ukihesabu nini kinakula nini. Baada ya hapo unaweza kuuliza: ukame ukija je? Ng'ombe wakiongezeka je? Mashamba yakipanuka je? Mwaka 2003 ikatoka na modeli ya kaya za wafugaji, PHEWS, inayofuatilia chakula na fedha za nyumbani.

Maswali hayo yana uzito. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena 1992, baadaye kikakatazwa tena. Kuanzia Juni 2022 wakazi wakaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Serikali ilisema wanahama kwa hiari, wengine wakapinga vikali, na katika mabishano yote hayo idadi ya watu na ya mifugo ndiyo ilikuwa silaha ya kila upande.

Sasa fikiria grafu ya namna hiyo iko kwa Kiingereza tu, tena imefungwa ndani ya picha. Mzee wa Endulen ambaye ng'ombe wake ndio huo mstari mwekundu hawezi kuusoma. Na asichoweza kukisoma hawezi kukiuliza swali. Kijana mwenye grafu ya vekta anabadilisha lebo kwa dakika kumi, anaprinti, mkutano unaanza. Hiyo ndiyo sababu ya makala hii.

PIKSELI NA VEKTA, TOFAUTI NI NINI

Picha ya pikseli (PNG, JPEG, BMP) ni vidoti vya rangi vilivyopangwa kwenye safu. Kompyuta haijui kwamba hapa kuna mstari na pale kuna neno "nyumbu". Inajua vidoti tu. Ukiikuza, vidoti vinakuwa vikubwa, basi.

Picha ya vekta ni maelekezo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, unene huu, rangi hii, andika neno hili mahali hapa. Ukiikuza mara mia, kompyuta inachora upya na mstari unabaki mkali. Na kwa sababu kila kitu kinasimama peke yake, unaweza kukigusa, kukihamisha, kukibadilisha jina.

Aina za faili za vekta utakazokutana nazo:

SVG: kiwango huria cha shirika la W3C tangu mwaka 2001. Ni maandishi matupu, unaweza kuifungua hata kwa Notepad. Ukiwa na uchaguzi, chagua hii.

PDF: ya Adobe, tangu 1993. Nzuri kwa kuprinti na kutuma. Inaweza kubeba vekta, lakini pia inaweza kubeba picha ya pikseli ndani yake, kwa hiyo usidanganywe na jina.

EPS: ya zamani, inatokana na PostScript. Baadhi ya majarida bado yanaipokea.

EMF: ya Windows. Inakufaa kama Word au PowerPoint yako ni ya zamani na haikubali SVG.

PROGRAMU MOJA MOJA

NetLogo. Hii ni ya bure, ilianzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, na wanafunzi wengi huanza nayo. Shida yake ni kwamba ukitoa picha ya dunia yake au ya dirisha zima unapata PNG. Usihangaike kutafuta kitufe cha SVG. Njia ni hii: nenda File, kisha Export, chagua Plot. Utapata faili la CSV lenye namba zote za grafu. Kila mstari wa grafu unakuwa na safu zake za x, y, rangi na hali ya kalamu. Fungua CSV hiyo kwa LibreOffice Calc, futa usichohitaji, chora chati upya, halafu bofya chati kwa kitufe cha kulia, chagua Export as Image, na kwenye aina ya faili weka SVG. Umemaliza. Faida ya pili ni kwamba sasa una na data yenyewe mkononi.

Vensim. Inapendwa kwa michoro ya maji yanaingia, maji yanatoka. Mathalani unataka kuchora chemchemi ya Mang'ola na mashamba ya vitunguu yanayoitegemea. Kwenye Windows, ukichagua mchoro na kuunakili, unakwenda kwenye ubao wa kunakilia kama metafaili, yaani vekta. Bandika kwenye LibreOffice Draw, bofya kulia, chagua Break ili uvunjike vipande vipande, kisha File, Export, SVG.

OpenModelica. Hapa raha tupu. Mchoro wa modeli unautoa kwa File, Export, ukichagua picha na aina ya SVG. Na dirisha la grafu nalo linakubali kuhifadhi SVG.

GNU Octave. Grafu ikishatokea, andika: print -dsvg grafu.svg

MATLAB. Amri hiyo hiyo inafanya kazi. Kwa matoleo ya kuanzia 2020 kuna exportgraphics. Ukiitolea PDF, ongeza 'ContentType','vector', la sivyo grafu nzito inaweza kugeuzwa pikseli kimya kimya bila kukuambia.

R. Hapa wengi wanateleza. Amri ya kawaida ya svg() inatoa vekta kweli, ila herufi zinageuzwa kuwa maumbo. Utaona neno, utaligusa, lakini huwezi kuliandika upya. Tumia kifurushi cha svglite: andika library(svglite), halafu svglite("grafu.svg"), chora grafu yako, malizia na dev.off(). Maandishi yanabaki maandishi.

Python na matplotlib. Ugonjwa ule ule, dawa fupi. Kabla ya kuchora andika plt.rcParams['svg.fonttype'] = 'none', kisha mwishoni plt.savefig("grafu.svg").

Gnuplot. Mistari miwili tu kabla ya plot: set terminal svg, na set output "grafu.svg".

QGIS. Hii siyo ya simulesheni, lakini matokeo ya modeli za ardhi mara nyingi huishia kwenye ramani. Tengeneza Layout, kisha Export as SVG, na kwenye chaguo la maandishi sema yabaki maandishi. Kumbuka: picha ya setilaiti au matokeo ya miraba yatabaki pikseli ndani ya SVG, wakati mipaka, barabara na majina juu yake vitakuwa vekta. Kama unataka na miraba iwe vekta, kwanza ipitishe kwenye Raster, Conversion, Polygonize. Jihadhari tu, ramani kubwa itazaa vipande maelfu na kompyuta ya kafe itakoroma.

UTAJUAJE KAMA UMEPATA VEKTA KWELI

Kuna programu zinazochukua picha ya pikseli na kuifunga ndani ya SVG kama mtu anayefunga mkaa kwenye karatasi ya zawadi. Majaribio ni matatu:

1. Ikuze mara nane. Kama mistari bado mikali, vizuri. Ukungu ukitokea, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

2. Fungua SVG kwa Notepad. Ukiona neno image likifuatiwa na herufi zisizoeleweka kurasa na kurasa, hiyo ni pikseli iliyofungwa.

3. Humo humo kwenye Notepad, tafuta jina la lebo yako, mfano "rainfall". Ukilikuta limeandikwa wazi, maana yake unaweza kulibadilisha. Usipolikuta, herufi zimegeuzwa maumbo, rudi ulikotoka.

KUBADILISHA LEBO KWA INKSCAPE

Inkscape ni ya bure, ipo tangu 2003. Kuna na toleo la kubeba kwenye flashi, kwa hiyo hata kama kafe hairuhusu kuinstoo programu unaweza kufanya kazi.

Fungua SVG yako. Kila kitu kitakuwa kimefungwa kwenye vikundi, bonyeza Ctrl+Shift+G mara kadhaa mpaka vifunguke. Kama kuna kitu hakionekani vizuri au kimekatwa pembeni, nenda Object, Clip, Release. Chukua kifaa cha maandishi, bofya lebo, futa, andika ya kwako. "Rainfall" inakuwa mvua, "livestock" inakuwa mifugo, "years" inakuwa miaka. Maneno yetu mara nyingine ni marefu, yasogeze yasigongane.

Hifadhi kwanza SVG ya kawaida, hiyo ndiyo mama. Kabla ya kupeleka kuprinti, fanya nakala, chagua yote, tumia Path, Object to Path. Herufi zitakuwa maumbo na hazitabadilika hata kama kompyuta ya dukani haina fonti yako. Halafu hifadhi PDF. Usifanye hivyo kwenye faili mama, utajifungia mlango mwenyewe.

Kwa PowerPoint za kuanzia 2019, unaweza kuingiza SVG moja kwa moja na kuchagua Convert to Shape. Kwa Office ya zamani, toa EMF kutoka Inkscape.

GRAFU IKO KWENYE RIPOTI YA ZAMANI, NIFANYEJE?

Kama ni PDF, ikuze kwanza. Ikibaki safi, una bahati: fungua PDF hiyo kwa Inkscape, chagua ukurasa wenye grafu, futa mengine, umebaki na vekta.

Kama ni picha iliyoskaniwa, Inkscape ina Trace Bitmap, lakini itakupa maumbo yasiyo na akili. Haijui namba wala neno. Bora utumie WebPlotDigitizer, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Unaipa picha, unaionyesha mihimili miwili inaanzia na kuishia wapi, unafuata mstari, inakupa namba za makadirio. Chora upya, na uandike wazi chini yake kwamba namba zimekadiriwa kutoka kwenye picha. Na ukitumia kazi ya mtu, mtaje.

SASA SIKILIZENI HAPA

Kitu kinachoweza kurekebishwa kinaweza pia kughushiwa. Kwenye Inkscape mstari wa idadi ya ng'ombe unashikwa na kuvutwa juu kama kamba. Usifanye. Lebo, rangi, unene, lugha: ruksa. Umbo la mstari na namba za mihimili: hapana. Ukitaka mstari ubadilike, rudi kwenye modeli.

Na hata lebo ina mitego. Fungua mfano maarufu wa NetLogo unaoitwa Wolf Sheep Predation, uweke majani nayo yahesabiwe. Kwenye grafu yake majani yameandikwa "grass / 4", maana idadi yake imegawanywa kwa nne ili itoshe kwenye grafu. Ukitafsiri "majani" ukasahau "÷ 4", umewaambia watu majani ni robo ya yaliyopo kwenye modeli. Kosa dogo la mkono, uongo mkubwa.

Mtego wa pili ni mtamu zaidi. Mtu anachukua mfano huo huo, anafuta "wolves" anaandika "simba", anafuta "sheep" anaandika "nyumbu", anaweka kichwa "Kreta ya Ngorongoro". Inapendeza! Lakini hiyo ni katuni. Mwaka 1962 simba wa kreta walianguka kutoka karibu 70 hadi kama 10, na sababu haikuwa kukosa nyumbu. Zilikuwa mvua kubwa mno zilizoleta mlipuko wa nzi wang'ataji, Stomoxys, wakawadhoofisha simba kwa vidonda. Modeli ya mbwa mwitu na kondoo haijui nzi. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo ndani ya modeli.

Kwa hiyo kila unapotoa grafu, weka vitu vitatu kwenye folda moja: SVG, CSV yenye namba, na faili fupi la maandishi lenye jina la modeli, toleo la programu, vipimo ulivyotumia na tarehe. Mtu akikubishia, unamfungulia. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu wazima.

YA KAFE, KWA HARAKA

Tayarisha flashi yako nyumbani: Inkscape na LibreOffice za kubeba. Usisubiri kudaunlodi ukiwa unalipia dakika.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti, siyo kama picha. Picha inabanwa, na kazi yote inapotea. Tuma na PDF pembeni, maana simu nyingi hazifungui SVG.

Grafu yenye nukta laki moja itatoa SVG nzito isiyofunguka. Punguza nukta, mfano chukua wastani wa kila mwezi badala ya kila siku, na uandike kwamba umefanya hivyo.

Mvua ikinyesha Karatu umeme si wa kuuamini. Ctrl+S, wadau, Ctrl+S.

Umekwama kwenye programu ambayo sijaitaja? Andika jina lake, toleo lake na ulichojaribu hapo chini kwenye maoni, tusaidiane. Na kama una tafsiri nzuri ya maneno ya kwenye grafu, iwe ya Kiswahili, Kiiraqw au Kimaasai, ilete. Grafu inayowahusu watu wa Nainokanoka ni vizuri wa Nainokanoka waweze kuisoma.

Tuonane wiki ijayo.